Ghuba Nzima Ilimsikia Ashton

Krrrr. Krrrr. Halafu pumzi ya mtu, nzito, ya karibu, kana kwamba amekuwekea mdomo sikioni.

"Nani huyo anapumua redioni kama ng'ombe aliyepanda mlima?" Ma Eudora aliuliza, na wanawake wote jikoni mwake wakaangua kicheko.

Redio ilikuwa dirishani, mahali pake pa siku zote. Kila nyumba inayotazama ghuba ya Tyrrel inayo, na kila boti iliyotia nanga inayo. Akisema mmoja, wanasikia wote. Na mtu akishabonyeza kitufe cha kuongelea, hakuna mwingine anayeweza kutia neno mpaka aachie.

Verlyn hakucheka. Aliendelea kusonga ugali wa mahindi wa karamu ya kesho, jasho likimtiririka shingoni. Kesho ndiyo siku ya kusimika jiwe kwenye kaburi la mwanawe, Kellon. Leo jiwe lilitakiwa lilale nyumbani kwa marehemu, juu ya kitanda chake, limefunikwa shuka jeupe. Ndivyo kisiwa cha Carriacou kinavyowaaga watu wake. Na nyumba ya Kellon ilikuwa boti.

Kimbunga kilipobeba paa lao, Ashton, mumewe Verlyn, aliwahamishia mkewe na watoto wawili kwenye Ivora, boti ya tanga aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe. Ni kwa muda tu, alisema. Muda ukageuka miaka. Binti yao Kizzy alijifunza kusoma akiwa ameegemea mlingoti. Kellon alijifunza kutembea kwenye sitaha inayoyumba, hata akiletwa nchi kavu alitembea kama mlevi, watu wakamcheka mpaka wakalia. Kisha Jumamosi moja, mwaka mmoja uliopita, akatumbukia baharini. Alikuwa na miaka minne. Geti la waya za usalama ubavuni mwa boti lilikutwa wazi, na mtu mzima aliyekuwa ndani alikuwa mmoja tu: Verlyn, amelala na homa.

Ma Eudora, mama yake Ashton, alitoa hukumu siku ya mazishi. Mkono ulioacha geti wazi hautagusa jiwe. Na jiwe likishasimikwa, Kizzy angehamia kwake moja kwa moja. "Mwanamke mwenye usingizi wa namna ile halei mtoto juu ya maji," alisema, na hakuna aliyembishia. Verlyn mwenyewe hakubisha. Alikuwa na homa siku ile. Hata yeye hakuuamini mkono wake.

Redio ikakoroma tena. Safari hii ilitoka sauti ya mwanamke.

"Ashton, mimi hilo jiwe naona kama linaniangalia."

Kicheko kikakatika jikoni.

"Si Lorraine huyo?" Tessa, jirani, alinong'ona.

Alikuwa Lorraine, mama wa ubatizo wa Kellon. Verlyn ndiye aliyemtuma asubuhi: nenda shoga yangu, kamsaidie Ashton kulinda jiwe, mimi sina ruhusa.

"Lifunike vizuri basi," sauti ya Ashton ilijibu. "Na usogee huku. Mbona unakaa mbali?"

"Naogopa."

"Najua."

"Verlyn akija?"

"Verlyn anapika. Mama hamruhusu kukanyaga humu mpaka kesho."

Tessa aliruka akaikamata redio, akabonyeza, akapiga kelele: "Ashton! Ashton, nyamaza, unasikika!" Kazi bure. Alipoachia, sauti za wale wawili zilikuwa zingali zinamwagika vilevile. Kitufe cha Ivora kilikuwa kimebonyezwa na hakikuachiwa.

Simu ya Verlyn ikatetemeka mezani. Ujumbe kutoka kwa Jocelyn wa duka la mikate: *Uko karibu na redio? Izime. Nakuomba izime mdogo wangu.*

"Zima hicho kitu," Ma Eudora akasema kwa ukali. "Mambo ya ndani hayasikilizwi na watu."

"Usiguse, Ma," Verlyn alisema.

"Nimesema kizimwe!"

"Na mimi nimesema usiguse."

Kwa mwaka mzima hakuwahi kumjibu mama mkwe wake hivyo. Ma Eudora akabaki na mkono hewani. Kizzy, aliyekuwa akiviringisha matonge ya wali kwenye kona, aliacha viganja vyake vimejaa chembe, macho kwenye redio.

"Kwa nini usimwambie?" Lorraine alikuwa akiuliza. "Mwaka huu wote namwangalia anavyokauka. Jana kanishika mkono kaniuliza, Lorraine, hivi kweli mimi ndiye niliyeliacha lile geti? Nikamwambia sijui. Nimesema sijui, Ashton! Mimi!"

"Ungesema nini?"

"Ningesema alikuwa mume wako. Alirudi mchana kubadili shati ili aje kwangu."

Ugali uliachwa motoni ukaanza kuungua, na hakuna aliyeujali.

"Nilikuwa na haraka," Ashton alisema. "Wote wawili walikuwa wamelala. Nikachukua shati, nikafungua geti, nikashuka kwenye kimashua. Nikasema nikirudi nitafunga. Sikusema hata hilo. Sikuwaza chochote. Nilikuwaza wewe."

"Usinitwishe mimi mzigo huo."

"Sikia. Hujui lote. Nilipowasha mota nilimsikia."

"Ulimsikia nani?"

"Kellon. Aliamka. Akaniita Papa. Mara mbili. Nikasema moyoni, nikigeuka atalia, akilia mama yake ataamka, mama yake akiamka ataniuliza nakwenda wapi. Sikugeuka. Alitaka kunifuata, Lorraine. Mwanangu alikuwa ananifuata mimi."

Ma Eudora alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa sakafuni, kama gunia lililokatwa kamba.

Ndani ya Verlyn palikuwa pakavu, pametulia ajabu. Alifuta mikono kwenye aproni. Akachukua simu, akapiga.

Redioni simu ya Ashton ikalia. Ghuba nzima iliisikia.

"Ni Verlyn," Ashton alisema.

"Usipokee."

"Atashuku. Atakuwa anataka niwaletee chumvi tu." Akakohoa, akasafisha koo, akavaa ile sauti yake tamu. "Ndiyo mpenzi wangu?"

Sauti ilitoka mahali pawili kwa pamoja, sikioni na dirishani.

"Ashton," Verlyn alisema taratibu, "mwambie Lorraine ainuke. Amekalia redio."

Kisha kitu kikasukumwa, mto ukaburuzwa, mwanamke akasema "Mungu wangu," na ile sauti ya mkwaruzo ikakatika.

Hakuna boti iliyosema neno. Kawaida ghuba ile ingekuwa imeshalipuka kwa utani.

Verlyn akatoka. Gatini wanaume waliokuwa wakirekebisha mitego walisimama na kuvua kofia, mmoja baada ya mwingine, wale wale waliokuwa wakimpisha njia mwaka mzima kama mwenye ugonjwa. Mzee Fitzroy, jirani yao wa nanga, akamshikia kimashua.

"Nikupeleke, binti yangu?"

"Nitapiga kasia mwenyewe, Anko. Ila njoo nyuma yangu. Kuna mtu atahitaji kushushwa."

Alipofika Ivora, Lorraine alikuwa amesimama kwenye sitaha, viatu mkononi, uso umevimba kwa machozi.

"Dada Verlyn, naomba nikueleze..."

"Umeshaeleza. Umeeleza mpaka visiwa vya jirani."

"Nilitaka kukwambia. Kila siku nilitaka."

"Ulikuwa unanisuka nywele, Lorraine. Kichwa changu mapajani mwako, na ulikuwa unajua." Verlyn akasogea kando kumpisha. "Anko Fitzroy huyo hapo. Shuka, na ukishuka funga geti."

Lorraine alishuka. Vidole vyake vilihangaika na ndoano ya geti mara tatu kabla haijashika.

Ndani Ashton alikuwa amekaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Mwili mkubwa wa fundi boti ulikuwa umejikunja kama wa mtoto aliyechapwa. Nyuma yake, kwenye kitanda kifupi ambacho Kellon hakuwahi kukijaza, jiwe lilikuwa limelala na shuka lake.

"Nipige," alisema.

"Nikikupiga utapona. Sitaki upone leo."

"Verlyn, niliogopa kukupoteza."

"Kwa hiyo ukanitupa? Mwaka mzima mama yako ananipa chakula kwenye sahani ya pembeni. Mwaka mzima naota nalifunga lile geti la waya, nalifunga, nalifunga, naamka vidole vimekufa ganzi. Wewe ulikuwa umelala ubavuni kwangu, Ashton! Nilikuwa nakuamsha nakwambia, nisamehe baba Kizzy, nimemuua mwanao. Ulinijibu nini?"

Ashton akageuza uso ukutani.

"Sema. Ghuba imeshasikia mengine. Hili nisikie mimi peke yangu. Ulinijibu nini?"

"Nilikujibu... nimekusamehe."

"Ulinisamehe." Hapo ndipo sauti ya Verlyn ilipovunjika. "Ukaniacha nikushukuru. Nilikubusu mikono, nikakushukuru!"

Ashton akapiga magoti kwenye zile mbao alizozipiga randa mwenyewe. "Nakupenda. Naapa juu ya jiwe hili, nakupenda."

"Usiape juu ya mwanangu. Na najua unanipenda. Ungekuwa hunipendi ningeelewa haraka, ningefungasha, ningekwenda zangu. Hilo ndilo litakalonila."

Alimpita, akaenda kitandani. Akalifunua shuka. Kwa mara ya kwanza aliligusa jiwe: baridi, laini, jina la mtoto limechimbwa ndani yake. Akapitisha kidole kwenye kila herufi. Ashton hakuthubutu kusogea.

"Usiku huu nitalala naye mimi," alisema hatimaye. "Wewe nenda kwa mama yako. Kesho utakuja kulibeba upande mmoja, kwa sababu ni zito, na kwa sababu wewe ni baba yake. Baada ya hapo huingii tena humu."

"Boti yangu, Verlyn?"

Alimgeukia. Alimwangalia tu. Ashton akapanda ngazi.

Baadaye simu ikatetemeka, ujumbe wa Ashton. *Sina la kukwambia.* Na baada ya kitambo: *Nilimsikia akiniita. Bado namsikia.* Verlyn alisoma, akaifunika simu kifudifudi. Mawimbi yakawa yanapiga ubavu wa boti taratibu, na yeye amekumbatia jiwe kama mtu anayempa mtoto joto.

Asubuhi walilibeba wawili, mke huku na mume kule, kutoka kwenye kimashua mpaka kaburini juu ya kilima. Ngoma kubwa zilikuwa tayari. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mazishi, na wengi wao walikuwa wakitazama viatu vyao. Lorraine hakuonekana.

Ma Eudora alisimama na chupa ya ramu na jagi la maji. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Ni yeye wa kulimwagia jiwe kwanza. Alikuwa amezeeka kwa usiku mmoja. Akaja mpaka mbele ya Verlyn, akamnyooshea chupa.

"Mkono wako utangulie."

"Ulisema mkono huu usiguse, Ma."

"Nilisema." Chupa ikabaki imenyooshwa. "Nilisema mengi, na nilisema mbele za watu. Basi na hili nalisema mbele za watu: mwanangu alidanganya, na mimi nikamtukana asiye na kosa. Shika, binti yangu. Mkono wangu unachoka."

Verlyn hakuichukua bado. "Na Kizzy?"

"Mtoto ni wako. Mimi ni nani?"

Ndipo akaishika. Akamwagia ramu, akamwagia maji, jiwe likang'aa. Ashton, aliyekuwa nyuma, alianza kulia kwa sauti, kilio kibaya cha mwanaume asiyezoea, na hakuna aliyekwenda kumshika bega. Hata mama yake hakwenda. Ngoma zikaanza.

Watu waliposhuka kwenda kula, Kizzy alibaki. Alikuwa amesimama karibu na kaburi, mikono nyuma, akichimba udongo kwa kidole cha mguu.

"Twende, binti yangu. Hujala tangu jana."

"Mama, nikikwambia kitu utaniacha kwa Bibi?"

"Kitu gani?"

"Siku ile... siku ya Kellon... mimi nilikuwa gatini. Nilimwona Papa anatoka kwenye kimashua. Ana shati safi. Akaniambia, usimwambie mama umeniona, atanigombeza. Akaninunulia peremende." Akazidi kuchimba udongo. "Nilikula, Mama. Nilikula zote. Halafu Bibi akawa anasema ni wewe, nami nilijua Papa alirudi, na sikusema. Nilifikiri nikisema Papa ataondoka."

Verlyn alihisi kilima kinayumba chini yake kama sitaha. Mwaka mzima. Mtoto huyu alikuwa akimletea chai kitandani, akimpanguzia machozi kwa pindo la gauni la shule, na kitu hiki kimemkaa kooni. Kwa kitambo kifupi, kifupi mno lakini kilikuwepo, alimchukia. Alimchukia binti yake mwenyewe, pale pale, mbele ya jiwe.

Kizzy aliliona jambo hilo machoni mwa mama yake. Akarudi nyuma hatua moja.

Verlyn akapiga goti, akamshika mabega yote mawili, akangoja mpaka pumzi yake mwenyewe ikakaa sawa.

"Nitazame. Nimekasirika. Sitakuficha, nimekasirika, na huenda nikawa hivi siku nyingi. Lakini hukumuua ndugu yako, na si wewe uliyenidhulumu. Mtu mzima alikubebesha mzigo wake."

"Utaniacha kwa Bibi?"

"Sikia, Kizzy, nakuahidi, na ndugu yako anasikia: tutalala boti moja mimi na wewe usiku wa leo na usiku wa kesho, hata nikiwa na hasira, hata nikiwa siongei. Na kuanzia leo hakuna mtu atakayekupa siri uibebe. Si Papa, si Bibi, si mimi. Nakuahidi."