Kola Iliyokatwa kwenye Wito wa Mahakama

“Hii ni nini, mume wangu?”

“Si karatasi yako ya kukatia kola.”

“Igeuze.”

Mumewe, fundi friji, aliweka bisibisi chini taratibu. Nyuma ya kola hiyo ya karatasi palikuwa na nusu ya muhuri wa mahakama. Mkewe alikuwa mshonaji, na mkasi wake haujui kuchagua: kalenda, gazeti, bahasha, vyote hukatwa viwe vielelezo vya nguo. Mumewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

“Umeuficha wito kwenye rundo langu?”

“Sikuuficha. Niliuweka tu.”

“Mahali unapojua nitaukata.”

Fundi akaangalia dari kama ndiyo ya kutengeneza. Mkewe akatafuta vipande vingine, akaviunganisha mezani na kusoma. Kampuni ya kukusanya madeni ilikuwa inadai bei yote ya cherehani anayoshonea. Mumewe asipojibu ndani ya siku kumi na nne, kampuni itaomba mahakama iipe ushindi.

“Cherehani hii uliniambia umenunua taslimu. Nimewaringia dada zangu mpaka wamenichoka.”

“Nilikopa. Nililipa miezi kumi kati ya kumi na miwili, duka likafungwa, deni likauzwa kwa hawa. Wao wanasema sijalipa hata senti.”

“Na wewe ukawajibu nini?”

“Sikujibu. Nisipojibu, watajuaje kama nimeupata?”

“Ulisaini kuupokea?”

“Nilisaini.”

Mshonaji alishika kiuno. Alimpenda mwanamume huyu, na kuna siku mapenzi yanachosha kuliko kushona sare za shule nzima.

Simu ya mume ikalia, ujumbe umeingia: LIPA YOTE LEO AU KESHO TUNABEBA CHEREHANI.

“Tukope tulipe, mke wangu, yaishe.”

“Tulipe mara mbili kwa sababu unaona aibu? Leo ni siku ya ngapi?”

“Ya kumi na nne.”

“Vaa viatu.”

Ofisi ya msaada wa sheria ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na huduma yake ilikuwa bure. Msaidizi wa sheria, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, alivitazama vipande vilivyobanwa kwa pini.

“Namba ya kesi iko wapi?”

“Kwenye kipande nilichokatia mfuko wa kifuani, mama,” mshonaji alijibu.

“Msipojibu leo, hakimu anaweza kuipa kampuni ushindi bila kuwasikia ninyi. Na hao wa ujumbe hawabebi kitu bila amri ya mahakama. Baba, risiti unazo?”

“Duka halikutoa. Ila nilituma kwa simu, na ujumbe wote ninao. Sijafuta hata mmoja.”

“Kumbe una akili,” mkewe alisema.

Jibu lao lilifika kwa karani nusu saa kabla dirisha halijafungwa. Nje, kwenye ngazi, mshonaji alikaa chini akalia, kwa hasira zaidi ya huzuni.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilitaka siku moja uone mumeo ana uwezo.”

“Mimi sikuolewa na cherehani. Ningeshona kwa sindano, mradi najua ukweli wa nyumba yangu.”

“Nisamehe.”

“Bado nimekasirika.”

“Najua. Nisamehe hivyo hivyo.”

Siku ya kesi, wakili wa kampuni alipekua faili lake mara tatu. Hakimu alimtaka atoe orodha ya malipo. Hakuwa nayo. Fundi akatoa simu yake, ujumbe ukasomwa mmoja mmoja, kumi kamili. Hakimu akaamuru yalipwe yale malipo ya miezi miwili yaliyobaki, kidogo kidogo, na cherehani isiguswe.

Baada ya miezi miwili, fundi friji aliingia na karatasi. Hakuielekeza kwenye rundo. Aliiweka mbele ya mkewe, maandishi yakiwa juu.

“Barua ya kumaliza deni. Nimekuletea mwenyewe.”

Mkewe aliisoma hadi mwisho, akairudia, kisha akaifungia kwenye droo yenye ufunguo.

“Simama nikupime shati.”

“La kola?”

“La kola na mfuko wa kifuani.”

Akatandika kitambaa kipya mezani, akaubandika juu yake ule wito wa mahakama kwa pini, kipande kwa kipande, akaanza kukata.