Meno ya Korongo la Chilangala

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Masasi Julia alipotoka kwa mlango wa nyuma, kopo la maziwa ya unga kalificha ndani ya kanga kama mtu anayempelekea jirani chumvi. Hakumuaga mama yake. Angemuagaje? Bibi Veridiana alikuwa amekaa kitandani tangu asubuhi, kitabu cha sala kifuani, hasomi, halii, anatazama ukuta.

Kesho asubuhi anakuja mtu wa kunyoa wachawi. Chilangala nzima ilijua. Atamnyoa bibi mbele ya watu, atamchanja utosini, atamnywesha dawa yake. Mwaka juzi, kijiji cha jirani, mzee mmoja aliinywa dawa ya namna hiyo saa nne asubuhi. Jioni hakuiona. Naye hakuwa na moyo mbovu kama wa Bibi Veridiana.

Yote yalianzia korongoni. Mabomba yalikauka tangu Agosti, na huko chini ya mteremko kilikuwa kimebaki kidimbwi kimoja tu, maji hayafiki magotini. Siku nne nyuma Mujibu, jirani yao, alishuka kuchota. Alirudi akitambaa. Kwenye shavu la mguu alikuwa na matundu kumi na moja, yamepangwa nusu duara.

Mamba? Korongo lile halina mamba. Halina hata kambale.

Ndipo mtu akakumbuka kwamba Bibi Veridiana huokota vijino vyeusi kulekule. Wakaja, wakapekua, wakalikuta kopo uvunguni, limejaa pomoni. Hakuna aliyethubutu kuligusa.

"Mama, ya nini haya?" Julia aliuliza walipoondoka.

"Naokota tu."

Jibu hilohilo alilompa tangu Julia akiwa mtoto.

Mwalimu Cuthbert alikuwa barazani kwake, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alifundisha jiografia Kitangari mpaka akastaafu, na sasa aliishi mwisho wa kijiji, katikati ya mikorosho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Queen. Najua kilichokuleta. Mimina hapa."

Julia akayamimina kwenye ungo. Yakalia kama kokoto. Mwalimu akachagua moja, pana kama kidole gumba, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa mwisho.

"Pitisha kidole pembeni. Taratibu, litakukata. Unasikia?"

"Lina meno… jino lenyewe lina meno!"

"Kama msumeno. Na huku juu, mzizi wake umegawanyika kama miguu miwili. Sasa pima uzito. Mfupa hauwi mzito hivi. Hili lilizikwa udongoni mpaka likageuka jiwe, ndiyo maana ni jeusi." Akavua miwani. "Si uchawi, mwanangu. Ni meno ya papa."

"Papa wa baharini?"

"Kwani yuko mwingine? Bahari ilikuwa hapa. Kabla ya Mmakonde, kabla ya Mmakua, kabla ya mtu yeyote. Maji yakaondoka, meno yakabaki."

Julia akaanza kuyarudisha meno koponi. "Utawaambia kesho?"

"Nitawaambia. Watasema namtetea muumini mwenzangu. Anayetakiwa kuona ni mke wa Mujibu. Ayaone yakitoka ukutani mwa korongo kwa mkono wake mwenyewe. Akisema yeye, hanyolewi mtu."

Mwanaisha, mke wa Mujibu, aliwapokea mlangoni bila kuwakaribisha. Ndani mumewe alikuwa akiweweseka kwa homa. 

"Mama Faidha," Julia akasema. Akapiga magoti palepale mchangani. "Nakuomba. Uje uone tu. Mama yangu hatapona kesho."

Mwanaisha akachukua kisu cha jikoni. "Twendeni. Lakini siji kwa ajili yenu."

Walishuka mteremko watatu, giza likiingia, harufu ya mabibo yaliyooza ikiwafuata mpaka nusu ya njia. Halafu ikakatika. Chini kulikuwa na baridi. Mwalimu akawasha tochi ya simu, akaonyesha tabaka la kokoto kwenye ukingo, juu kidogo ya kidimbwi.

"Chimba popote upendapo."

Mwanaisha akachimba. Udongo mgumu, mikwaruzo ya kisu, pumzi zake. Kiasi cha shibiri moja ndani, ncha nyeusi ikachungulia. Akaichokonoa. Ikaanguka kiganjani.

"Lilikuwa ndani…" alinong'ona.

"Ndani kabisa. Mkono wa mtu haujawahi kufika hapo."

Julia akaegemea ukingo, akalia kwa kwikwi.

Lakini Mwanaisha hakuwa amemaliza. Alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake.

"Na hili, mwalimu?"

Lilikuwa jino kama yale. Umbo lile, msumeno ule. Ila lilikuwa jeupe kama nyama ya nazi.

"Nimelitoa jana mguuni mwa Baba Faidha. Sijamwambia mtu."

Mwalimu akalipokea. Mzizi ulikuwa na wekundu, laini bado, umelowa. Akalinusa, akalitenga mbali na uso haraka.

Shombo. Shombo la samaki mbichi, huku mbali na bahari ambako samaki hufika amekaushwa.

"Hili ni la zamani gani, mwalimu?"

Mwalimu akaligeuza tena kwenye mwanga wa tochi.

"Nijibu."

"Hili halijawa jiwe, mama."

"La lini?"

"La… la juzi."

Chap.

Wote watatu waligeuka. Hapakuwa na upepo. Vyura walikuwa wamenyamaza, na hakuna aliyejua tangu saa ngapi.

Chap… halafu mkwaruzo mrefu, kama gunia zito linaloburutwa juu ya mchanga, chini ya maji.

Shombo likawajaa puani. Tochi ilionyesha kikunjo kimoja cha wimbi kikitoka ng'ambo ya kidimbwi. Kikaja polepole, kimenyooka, kuelekea miguu yao. Maji yale hayakufika magotini. Kitu gani kingejificha ndani yake?

Mwanaisha akalipokonya jino, akalirusha majini.

"Chukua chako! Niachie mume wangu!"

Wimbi likasimama.

Hawakungoja kuona zaidi. Walipanda mteremko kwa mikono na miguu, mwalimu akipumua kama anakata roho. Juu, Mwanaisha alimshika Julia kifundo cha mkono.

"Kesho nitasema la ukutani. La mguuni sitalisema."

"Kwa nini?"

"Nikilisema watamuua mama yako. Na kile kitu kitabaki majini vilevile."

Alfajiri homa ya Mujibu ilishuka, akaomba uji. Saa tatu mkutanoni Mwanaisha alisimama, akalionyesha jino alilochimba, akaeleza. Mwalimu akaongeza yake. Mtu wa kunyoa akafunga mkoba wake, akaondoka kanuna. Mwenyekiti, ili kuwatuliza waliobaki na wasiwasi, akataka meno yote yarudishwe yalikotoka. Julia alikubali kabla mwenyekiti hajamaliza kusema. Siku ile angekubali lolote. Akaenda na wazee wawili, akalikung'uta kopo juu ya kidimbwi mpaka jino la mwisho.

Alirudi nyumbani akikimbia kwa furaha.

"Mama, umeachiwa! Wamenyoosha mikono wote!"

"Kopo liko wapi?"

"Tumeyarudisha majini. Mwenyekiti amesema…"

"Yote?"

"Yote."

Bibi Veridiana akateremka kitandani, akakaa sakafuni kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

"Mama yangu aliyaokota. Na mama yake. Nilitaka wewe usirithi kazi hii." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Hatukuwa tunayaweka, Julia. Tulikuwa tunayapunguza."

"Mnapunguza nini, mama?"

"Kinywa kisijae."

Julia hakulala vizuri, na asubuhi alichelewa kuamka. Kitanda cha binti yake Queen kilikuwa kitupu. Nje alikutana na Mwanaisha akija, ndoo kichwani, anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Mama Queen, Mungu mkubwa! Kile kitu kimechukua chake, kimeondoka! Maji yamejaa korongoni. Mpaka kiunoni, na mvua hata wingu halipo! Watoto wote wako kule, wanaoga."

Mwanaisha aliuona uso wa Julia, na wake ukabadilika kabla Julia hajasema neno. Ndoo ikaanguka. Wakakimbia pamoja.

Waliingia majini na nguo zao. Julia alimshika Queen nywele, akamrusha ukingoni, akamrudia mwingine, na mwingine, akipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Watoto sita. Wote wazima. Wanawake waliokuwa wakifua walisimama wakishangaa, mmoja akaangua kicheko.

"Mama Queen, umerukwa na akili? Mnakimbia nini?"

Halafu naye akatazama majini.

Kidimbwini hapakuwa na mtu tena. Lakini maji yalikuwa bado yanazunguka.