Kisanduku cha Mama Wagiyem

Kila asubuhi Mama Wagiyem aliwasha jiko katika kibanda chake cha chakula karibu na stendi ya mabasi. Alipika wali, akakaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, akasaga pilipili. Kabla ya mteja wa kwanza, alitumbukiza noti kwenye kisanduku cha kioo pale mezani.

"Ya Lestari," alisema moyoni. Lestari alikuwa bintiye. Homa ya dengi ilimchukua akiwa bado mdogo.

Kisandukuni palibandikwa picha ya watoto na maneno, "Sadaka kwa Mayatima." Kila mwezi kijana mpole, Fathoni, alikuja kukichukua na kuacha kitupu. Alimbusu mama mkono, akala, wakategana vitendawili. Mama Wagiyem alimpenda kama mwanawe.

Siku moja akaja jirani yake, Endang, mfanyakazi wa ofisi ya ustawi wa jamii. Alifuatana na askari aliyevaa kiraia. Hawakuagiza chakula.

"Mama, hao mayatima umewahi kuwaona?" Endang aliuliza.

"Nitawaonea wapi, mimi na karai langu?"

"Fathoni alikuonyesha kibali? Alikifungua kisanduku mbele yako? Alikupa risiti?"

"Kijana ananibusu mkono, nimdai risiti?"

Endang alishusha pumzi. "Hao watoto wa pichani wana wazazi wao, Mama. Picha iliibwa. Hela hizi hukodi nyumba ya kuficha watu na kununua vitu vya mabomu. Lile la sokoni, lililomuua jirani yetu Mzee Paijo..."

Mama Wagiyem alikitazama kisanduku. Noti ya asubuhi ilikuwa juu kabisa.

"Ya Lestari," alisema, safari hii kwa sauti. Akashika mwiko ili akivunje.

Askari akamzuia. "Ukivunja, tutampata yeye peke yake. Tunataka kujua anakozipeleka. Mpe kama kawaida. Akishtuka, wenzake watahama, na bomu jingine litalipuka mahali tusipopajua."

Fathoni alikuja, akabusu mkono, akaketi. Mama Wagiyem aliinamia bakuli la unga, akakoroga bila kumtazama.

"Mama, leo umenuna? Hata kitendawili hakuna?"

"Kitendawili!"

"Tega!"

Kikamtoka kilichokuwa kifuani. "Kila mtu huona kinachoingia, hakuna ajuaye kinakokwenda."

Kijiko cha Fathoni kikasimama. Akakitazama kisanduku. Akamtazama yeye.

"Hicho kipya," alisema polepole.

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Nakupa Bandung."

"Bandung nilikwenda, nikala nikashiba, nikarudi na jibu. Ni mdomo wa mume wangu! Anafuta sahani tatu, na mbavu bado unazihesabu."

"We mwanamke!" mumewe, Mzee Tukiran, alifoka kutoka alikokuwa akiosha vyombo. "Stendi nzima wanisikie?"

Fathoni alicheka mpaka akapaliwa. Akabusu mkono, akabeba kisanduku, akaondoka. Mama Wagiyem alikwenda nyuma akausugua ule mkono kama sufuria iliyoungua.

Askari walimfuata kimyakimya mpaka kwenye nyumba ya kupanga nje ya mji. Ndani walikuta visanduku vingi, na bomu ambalo halijamalizika. Waliokuwamo wote walikamatwa.

Lakini habari zilienea. "Tempe ya magaidi hiyo!" madereva walimzomea. Kibanda kikadoda. Mama Wagiyem alipika kidogo, akalia sana.

Ndipo Endang akaja kula pale, mchana, mbele za watu.

"Nani hapa hajawahi kutia hela kwenye kisanduku asichokijua?" aliwauliza madereva. Wakatazamana. "Basi tusimcheke. Tuulize kibali, kisha tupige simu ofisini kukihakiki. Kisanduku kifunguliwe mbele yetu, hela zihesabiwe, risiti iandikwe. Anayekasirika kwa kuulizwa, usimpe. Ukiwa na shaka, toa taarifa."

Taratibu wateja walirudi. Mlezi wa kituo cha mayatima cha jirani alileta kibali, akaacha kisanduku. Mama Wagiyem alipiga simu ofisini kwanza kuhakiki kibali. Mwezi ulipoisha, mlezi alikuja na kasichana kakondefu. Kisanduku kilifunguliwa mezani, wateja wakiona, risiti ikaandikwa.

Mama Wagiyem alikategea kale kasichana kitendawili kilekile.

"Kisanduku!" kalijibu bila kufikiri. "Lakini si kweli, Bibi. Mimi najua zinakokwenda." Kakainua mguu, kakaonyesha kiatu kipya cha shule.

Mama Wagiyem aligeukia karai lake. Kisha akatoa noti, akaitumbukiza kisandukuni.

"Ya Lestari," alisema. "Na ya Mzee Paijo."