Kipaji cha Ubishi

Kila jioni Kamusi alijua kaka yake amefika kabla hajasikia hodi. Harufu ilimtangulia: mafuta yaliyokaangiwa hadi yakawa meusi kama lami, maji ya vyombo yaliyovunda, na kitu kingine kisicho na jina kilichomfanya afunge daftari na kuhamia dirishani.

"Kaoge, kaka."

"Na salamu je, mdogo wangu?"

"Shikamoo. Kaoge."

Jina la Kamusi alipewa nyumbani, maana hakuna aliyekosea neno mbele yake akabaki salama. Hata mama yao, fundi cherehani, alisahihishwa akiwa na pini mdomoni. Darasani hakuwa na mpinzani katika Kiswahili, wala hakuona haya kulisema hilo.

Kaka yake aliosha masufuria katika mgahawa wa karibu na stendi. Siku hiyo, hata baada ya kuoga, hakugusa chakula.

"Leo tumekuta mende ndani ya supu," alisema. "Tajiri akamtoa kwa kijiko, akaniambia nikoroge, nipeleke mezani. Nikakataa. Akasema kama nina kinyaa nisirudi tena."

"Na supu?" mama aliuliza.

"Imenywewa yote. Mteja mmoja aliomba aongezewe."

Mama alisukuma sahani yake kando.

"Afadhali umetoka kwenye jalala lile," alisema. "Hospitali wanatafuta msaidizi wa jikoni. Tangazo liko getini. Wanataka wasifu wa kazi, na mwisho wa kupokea ni kesho saa nane mchana. Usipoiwania kazi hii, utarudi kwa yule yule kumpigia magoti."

Kaka alikunja uso kama aliyeonjeshwa ile supu.

Asubuhi, Jumamosi, wawili hao walikwenda steshenari. Mwenye duka aliwafungulia kwenye kompyuta wasifu wa dereva mmoja. "Badilisheni jina na kazi tu," alisema huku akipiga miayo. "Wote hufanya hivyo."

Kamusi alikamata kiti. Vidole vyake viliruka juu ya herufi kama kuku kwenye mchele.

"Andika mimi ni mpishi mkuu," kaka alinong'ona. "Muosha masufuria nani atamtazama?"

Kamusi akaandika.

"Haya, tuusome kwanza," kaka alisema.

"Nisome nini? Utanisahihisha wewe, uliyeniandikia 'hasara' ukimaanisha 'hasira'?"

Kaka alicheka, karatasi ikachapishwa, wakaondoka.

Jikoni hospitalini sakafu iling'aa na masufuria yalining'inia makavu ukutani. Kamusi alivuta pumzi ndefu. Palinuka sabuni tu. Mkuu wa jiko, mama mpana mwenye aproni nyeupe na kucha fupi, aliitikia shikamoo zao, akapokea karatasi. Alisoma mistari michache, kisha akaishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyetoa unywele kwenye chakula.

"'Nina kipaji cha ubishi tangu utotoni,'" alisoma kwa sauti. "'Nimefanya ubishi kwa miaka miwili na wateja wote wameridhika.'"

Wapishi waliokuwa wakimenya viazi waliinamisha vichwa, mabega yakawacheza.

"Mpe kazi huyo, mkuu," mmoja alisema. "Wagonjwa wamekosa wa kubishana naye."

Kamusi alitamani sakafu ile safi immeze. Upishi! Herufi moja tu, na yeye ndiye aliyeipiga.

Mkuu hakucheka. "'Niko tayari kuendesha lori hadi nje ya mipaka.' Masufuria yangu yana magurudumu, kijana?" Akashusha karatasi. "Na hapa umeandika mpishi mkuu. Mchuzi wa watu mia unauanzaje?"

Kaka aliyatazama masufuria ukutani. "Sijui, mama. Naosha masufuria. Nilifukuzwa jana kwa kukataa kupeleka supu iliyokuwa na mende."

"Na hii takataka nani kaiandika?"

"Ni mimi," Kamusi alisema. "Kaka alitaka tuisome. Mimi nikakataa."

Mkuu akamrudishia karatasi. "Siipokei. Saa nane haijafika."

Walirudi steshenari mbio. Kamusi alifuta habari za dereva zote, akaanza upya. Neno lililomkera zaidi lilikuwa lake mwenyewe. Kila alipoliona alihisi kama amekanyaga kitu barabarani akakileta hadi sebuleni. Alipomaliza, kaka alisoma kwa sauti, taratibu, naye akifuata kwa kidole. Wakakuta kosa jingine. Wakalirekebisha, wakasoma tena. Ukurasa ulikuwa mmoja, nao ulisema kweli: ameosha masufuria miaka miwili katika mgahawa wenye wateja wengi, kupika hajui bado, anataka kujifunza.

Mkuu wa jiko aliusoma hadi mwisho. Akachukua aproni kutoka kwenye msumari, akamrushia kaka.

"Nawa mikono hadi viwikoni. Nataka kukuona ukiosha lile sufuria kubwa."

Kaka aliosha. Alisugua ndani, nje, hata chini ya vishikio. Mkuu alipitisha kidole chake mle, akakitazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Jumatatu asubuhi njoo uanze."

Kisha akamgeukia Kamusi. "Binti, Kiswahili unakijua, sina shaka. Lakini anayejua ndiye hukosea bila kutazama, maana haamini kuwa anaweza kukosea. Mimi simwoni mtu anapoomba kazi, naiona karatasi yake. Asiyeikagua karatasi ataniletea sahani asiyoikagua, na sahani zangu zinakwenda kwa wagonjwa. Na anayenidanganya kwa kalamu, jikoni atanidanganya kwa kijiko. Andika ulicho nacho, usiazime maisha ya mwenzako, kisha soma kama unayetafuta uchafu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi kaa pale unywe chai. Kaka yako ana masufuria mengine sita ya kuosha kabla hamjaondoka."