Kichwa cha Plasta cha Tamahou

Jumatano ile ilianza vizuri. Nilikuwa kwenye karakana yetu hapa Wellington, nachanganya rangi ya ngozi ya mazimwi, Tamahou akaingia anacheka, pai ya nyama mkononi. Huyu ni mtoto wa mama mkubwa Hinewai. Miaka kumi na tano ameigiza mazimwi katika filamu zinazotokana na vitabu vya hadithi za ajabu. Amekufa kwa mishale, kwa moto, kwa kuangukiwa na mnara, na mara zote uso wake umefichwa ndani ya barakoa ya mpira. Mama yake hajawahi kumtambua hata mara moja.

"Ngaire, nimepata! Mfalme! Na mpira hakuna, dada. Sura yangu mwenyewe. Safari hii mama ataniona."

Nilimpigia vigelegele mpaka koo likauma. Yeye akatafuta pa kuweka pai, akaitua juu ya kichwa chake cha plasta, kile tunachopimia sura zake za mpira. Kimefumba macho, maana mtu hupakwa plasta akiwa amefumba.

"We! Chakula kichwani?" Kwetu sisi wenyeji wa asili wa visiwa hivi kichwa ni kitakatifu, hakikutani na chakula, hata foronya haifuliwi pamoja na kitambaa cha jikoni.

"Acha ushamba, hiyo plasta tu."

Akamaliza pai yake, akaenda zake.

Jumatatu wakaanza kumpiga picha. Aliyakodoa macho kweli, mimi nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Lakini kwenye skrini ya mwongozaji alikuwa amefumba. Wakarudia mara tisa. Wakabadilisha kamera. Amefumba. Mwongozaji akasema kesho ikiwa vilevile, anaita mtu mwingine.

Tamahou akanivuta nyuma ya lori la vifaa.

"Ni ile pai," akanong'ona.

"Tumwite mama yako aje na maji ya dua, akiombee kile kichwa."

"Mama asijue, atanimaliza! Osha wewe. Sasa hivi."

Ilinipasa kukataa. Sikukataa, nilimhurumia mno. Nikakimbia karakanani wakati wenzangu wametoka kula, nikakibeba kile kichwa mpaka kwenye bomba la karibu, nikakiosha huku nasoma maneno ya dua niliyoyakumbuka nusunusu. Nikafika machoni. Kitu kikasogea chini ya kidole gumba. Polepole. Zilikuwa kope.

Nikakiachia. Hakikuvunjika. Kikalala kwenye sinki, katikati ya vikombe na sahani za wafanyakazi. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nimekiosha kichwa cha ndugu yangu panapooshwa vyombo.

Sikumwambia mtu. Kesho yake macho yakaonekana wazi kwenye skrini, mazuri, watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Siku ya onyesho la kwanza, mama mkubwa alikuja kwa basi kutoka Gisborne, amevaa kidani chake cha jiwe la kijani. Tukamketisha kati yetu. Sura ya Tamahou ikajaa skrini nzima.

"Huyo hapo, mama," nikamnong'oneza.

Akajisogeza mbele kitini, akakaza macho.

"Ananitazama," akasema. "Lakini simjui."

Taa zikawashwa. Akamgeukia mwanawe, akamshika shingo, wakagusanisha mapaji ya nyuso na pua kama tunavyosalimiana. Kwa desturi mnavuta pumzi moja. Akakaa hivyo, anangoja. Kisha akamwachia ghafla.

"Mwanangu, mbona hupumui?"

"Napumua, mama," Tamahou akasema, akatabasamu.

Mama mkubwa akarudi kwao siku ileile. Mwaka wa pili sasa. Tamahou anaigiza wafalme tu, anatuma salamu na haji nyumbani. Mama yake amebaki na alama nyeupe puani na kwenye paji la uso, pale walipogusana. Ameiosha kwa sabuni, kwa maji ya bahari, kwa maji ya dua. Mimi bado sijamwambia habari ya sinki, naona aibu.

Jana nilimtembelea, nikaigusa kwa ncha ya kidole. Plasta hukauka kwa nusu saa. Ile alama bado ni mbichi.