Goti la Panzi

Kila siku, kengele ya mwisho ilipolia, Panzi alikuwa wa kwanza kufika kwenye shimo la mchanga nyuma ya madarasa. Jina lake halisi lilikuwamo kwenye daftari la mahudhurio, lakini msichana wa miaka kumi na miwili anayeruka namna ile angeitwa nini tena? Jumamosi ya wiki ile kocha angechagua warukaji wanne wa timu ya shule, na Panzi alikwisha kujichagua mwenyewe.

Tatizo lilikuwa goti. Jumatatu aliruka kutoka juu ya paa la stoo ya majembe, kwa sababu ya kisayansi kabisa: mwenzake alisema hawezi. Aliweza. Goti la kulia ndilo halikuweza. Tangu hapo alilificha ndani ya soksi ndefu, akawa anatembea polepole kwa heshima zote, kama bwana harusi.

Alhamisi jioni, shangazi yake aliyemlea, fundi cherehani, alimwambia, "Vaa nguo za michezo twende wote pilatesi, kwenye yale mazoezi yangu ya kukaza misuli. Mwalimu wangu anasema mrukaji anahitaji tumbo lenye nguvu."

"Leo, shangazi? Nina kazi za shule."

"Tangu lini kazi za shule zikakuzuia kucheza? Au unaumwa?"

"Siumwi!" Panzi alijibu haraka mno.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Kulikuwa na mikeka sakafuni, ufito mrefu wa mbao uliofungwa ukutani usawa wa kiuno, na vioo kila upande. Panzi alijiona mara tisa, na nyuso zote tisa zilikuwa za mwizi.

Mwalimu, mama mfupi mwenye sauti ya upole, alikuwa na desturi yake. "Fumbeni macho. Kila mtu aweke mkono panapomuuma. Atakayewaona ni mimi tu." Aliyeonyesha aliwekewa kitambaa chekundu kando ya mkeka, akapewa mazoezi mepesi.

Panzi alichungulia. Shangazi alijishika kiuno. Mzee mmoja, karani mstaafu wa posta, alitumia mikono yote miwili na alionekana kutamani wa tatu. Mkono wa Panzi ukaanza kuteremka kuelekea gotini. Halafu akaiwaza Jumamosi. Shangazi angejua, kocha naye angejua. Akaurudisha mkono.

"Hakuna panapouma?" mwalimu alimnong'oneza.

"Hakuna, mwalimu."

Walianza kwa kulala chali na kuinua miguu taratibu huku wakihesabu pumzi. Panzi aliyadharau mazoezi hayo kwa muda wa nusu dakika. Kisha tumbo likaanza kumtetemeka kama cherehani ya shangazi.

"Karibu, mjukuu," mzee wa posta alimwambia huku akihema. "Hapa ndipo vijana wanapofundishwa adabu."

Panzi hakucheka, maana sasa waliitwa kwenye ufito. Walisimama kwa ncha za vidole, wakakunja magoti, wakabaki hapo hapo. Goti likalia *ka*. Joto likapanda pajani, jasho baridi likateremka mgongoni.

"Nane... saba... sita..." Mwalimu alihesabu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Goti likaanza kuyumba upande. Panzi aliutazama mguu wake kiooni, akauona kama wa mtu mwingine.

"Sasa tutaruka kidogo, mara kumi na sita. Tayari?"

Akiruka, kitu kitakatika humo ndani. Alikuwa na hakika. Akisema, Jumamosi imekwenda. Aliung'ang'ania ufito kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nimekudanganya!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na ukumbi mzima ukageuka. "Goti linauma. Tangu Jumatatu. Niliruka kutoka paani."

"Paani?" Shangazi aliuachia ufito. "Paa gani, wewe mtoto?"

Mwalimu alimkalisha, akaishusha soksi taratibu. Goti lilikuwa limevimba na kung'aa.

Kesho yake, hospitalini alikopelekwa na shangazi, daktari alilibonyeza goti, akalikunja, akalinyoosha.

"Nitaruka tena?" Panzi aliuliza kwa sauti ndogo.

Daktari aliliachia goti. "Utaruka. Kano limevutika tu, halijakatika. Pumzika wiki sita. Ungeruka kwa goti hili, leo tungekuwa tunazungumzia upasuaji."

Jumamosi wengine walichaguliwa. Panzi alikaa kwenye benchi akilia kwa siri, siri ambayo timu nzima iliiona. Kocha akamwambia, "Muhula ujao nitachagua upya. Njoo ukiwa mzima." Aliporuhusiwa na daktari, alirudi ukumbini na shangazi kila Alhamisi, akifanya mazoezi mepesi mkekani. Muhula uliofuata alichaguliwa, wa nne kati ya wanne.

Jioni hiyo shangazi alisimamisha cherehani.

"Unajua nilivyoogopa siku ile kwa daktari?"

"Wewe, shangazi?"

"Mimi. Sikiliza, mwanangu. Misuli ikitetemeka mazoezini, hiyo ni kazi, vumilia. Lakini kiungo kikiuma, kinakuomba msaada, na wewe ndiye mwenye mdomo wa kusema. Kuogopa si kosa. Kosa ni kuulizwa swali, ukaiachia hofu ijibu."

"Nimeelewa, shangazi," Panzi alisema, na safari hii hakujibu haraka.