Namba ya Mtoto Asiyepimwa

Jirani yangu Nafuna anasema kompyuta ya mradi wa lishe kule Ruiru ilimwona Leila wangu kupitia ukuta, ikasema ni mzima.

"Ndiyo sababu nesi aliupita mlango wako," aliniambia pale mferejini tukichota maji. "Unga wa uji umefika kwa kila mtoto aliyekonda hapa plotini, wako tu akarukwa. Kwani ulimkosea nani?"

Tangu baba Leila aende Mombasa akanyamaza, hakuna anayebisha kwangu. Nikafikiri hata kompyuta imejua tumeachwa.

Lakini Leila alikuwa amekonda. Na siku ya kupima watoto hapa Makongeni, hatukuwa nyumbani. Mimi nilikuwa kiwandani nikimenya mananasi, yeye kwa mama anayenilelea mchana.

Nikaenda Ruiru, kwa ofisi ya mradi. Nilikaa kwa benchi hadi Absalom, kijana wa takwimu, akaniita.

"Mama, kompyuta haioni mtoto," akasema. "Inaona namba, halafu inafuata masharti. Kwa rika la Leila nimeiambia: KAMA uzito ni chini ya kilo nane, andika 'atembelewe'. LA SIVYO, andika 'mzima'."

"Na Leila ana namba gani?"

Akatafuta. "Tisini na tisa."

"Kilo? Huyo ni mtoto ama ni ndama?"

Alicheka. "Hiyo ni alama tu. Mtoto akikosekana, tunaandika tisini na tisa."

"Na kompyuta inajua ni alama?"

Akaacha kucheka. Akatazama skrini.

"Sikuiambia," akasema polepole. "Imeona tisini na tisa si chini ya nane, ikamtupa kwa LA SIVYO. Kila asiyepimwa ameitwa mzima. Ni kama ugali, mama. Kwanza unauliza kama maji yamechemka, ndipo utie unga. Mimi nilianza na unga."

Akaandika upya nikiona. KAMA namba ni tisini na tisa, 'apimwe'. Kama siyo, na KAMA uzito ni chini ya nane, 'atembelewe'. LA SIVYO, 'mzima'. Akabonyeza. Leila akatokea kwa 'apimwe', na wenzake wengi.

Nesi Hayat alikuja na mizani. Kilo saba. Tukapewa unga, naye akawa anarudi kila mwezi.

Jana Leila alifika kilo tisa. Alikuwa akivuta kamba ya mizani akicheka.

"Huyu sasa ni mzima wa kweli," Hayat akasema. "Kompyuta haitanituma hapa tena."

Nilikuwa nimeteleka chai.

"Dada, si uwe unapita tu, hata bila kutumwa?"

Alikuwa ameinama, akikunja mizani. Akaiweka kando ya mlango, akavuta kigoda.